Swali Ambalo Binti Haulizi

Dodoso lilikuwa na maswali ya kawaida isipokuwa mawili. Moja lilitaka kujua kama uvimbe umerudi kwenye kinena au umeshuka hadi kwenye korodani. Lingine lilitaka kujua kama mgonjwa, tangu afanyiwe upasuaji, ameweza kulala na mke wake bila maumivu. Mara ya kwanza niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, hapa Karatu. Mama wa usafi alipopita na ndoo yake nilijikuta nimeifunika karatasi kwa mkono, kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

Kazi hiyo ya kuwahoji wagonjwa niliipata kwa ubishi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea sosholojia, nimerudi nyumbani kusubiri ajira, na jioni nilimsaidia dada yangu kwenye kibanda chake cha chipsi karibu na stendi. Daktari mmoja kijana alikuwa akija kula pale, siku zote akiwa amesimama. Alikuwa anasomea ubingwa wa upasuaji. Mtu ameshakuwa daktari, ana watu wanaomwamkia barabarani, halafu anarudi kuwa mwanafunzi upya, na mkubwa wake anamwuliza maswali mbele ya wagonjwa kama mtoto wa shule ya msingi. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya huku, wakabaki.

Mikono yake haikutulia. Akisubiri chipsi alifunga mafundo ya uzi kwenye nguzo ya kibanda, kwa mkono mmoja, bila kutazama, na asubuhi dada yangu aliyakata kwa kisu huku akilalamika. Siku moja alinunua kongoro buchani, akashinda chumbani kwake akilipasua na kulishona, kisha akatuletea tulipikie supu. Mteja mmoja alivuta kipande cha uzi wa bluu kutoka kwenye meno yake, akauliza ng'ombe huyu alilazwa wodi gani.

Jioni moja alisema masomo yake yanamtaka afanye utafiti, na kwamba atawafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa ngiri na madaktari wanaojifunza, aone wanaendeleaje huko makwao. Nikamwuliza nani atawahoji. Akasema yeye mwenyewe.

“Yaani umkate mtu,” nikamwambia, “halafu umfuate kwake umwulize kama ulimkata vizuri?”

Alitafuna kwanza akameza. “Basi nenda wewe, msomi,” akasema. “Wewe usiyeogopa mtu.”

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Chuoni nilikuwa yule anayeinua mkono kumwuliza mwalimu amejuaje. Niliamini kwamba watu hudanganyana kwa sababu wanafahamiana, wanaoneana haya, wanategemeana. Kwamba ukimtuma mgeni asiye na upande, ukweli utatoka wenyewe. Nilitilia shaka karibu kila kitu nilichofundishwa, lakini hilo sikulitilia shaka hata kidogo.

Ngiri si ugonjwa wa ajabu. Ukuta wa tumbo unalegea sehemu ya chini na utumbo unachungulia nje, chini ya ngozi. Huku kwetu wanayo wabeba magunia ya vitunguu wa Mang'ola na wanayo wafugaji wanaovuta maji visimani. Daktari anaurudisha utumbo ndani, anaweka kipande cha wavu kuziba pale palipolegea, anashona. Mara nyingi yanaishia hapo. Ikirudi, kinachoogopwa ni siku ambayo utumbo utatoka na kunasa, ukose damu, uanze kuoza ndani ya mtu. Asipofika chumba cha upasuaji mapema, anakufa.

Mgonjwa ninayetaka kumwelezea alitoka Malambo, ng'ambo ya Ngorongoro. Alikuwa mzee wa Kimasai, mrefu, mwenye Kiswahili cha minadani, na wodini hakukaa kitandani. Siku iliyofuata upasuaji alikuwa tayari nje akikagua uzio wa hospitali na kuwauliza walinzi ni nani aliyeufunga vibaya hivyo. Nilikuwa nimekaa pembeni nikijifunza kazi yangu wakati daktari bingwa alipopita na kundi lake kuangalia wagonjwa. Bingwa alisimama kwenye kitanda cha mzee, akaanza kumwuliza yule kijana maswali juu ya kidonda, juu ya mishipa iliyopo pale, juu ya nini angefanya kama ingetokea hivi au vile. Kijana alijibu mengine, mengine akakwama. Jasho lilimtoka.

Bingwa alipoondoka, mzee alimwuliza kijana kama alikuwa anafanya mtihani.

“Ndiyo, mzee,” daktari akasema. “Na mtihani wenyewe ni wewe.”

Wodi nzima ilicheka, isipokuwa mzee.

Siku ya kuruhusiwa alimwambia daktari kwamba amempa mtamba. Hakuwa ameongozana naye, bila shaka. Mtamba alikuwa Malambo, na angebaki hukohuko kwenye boma, akizaa kwa jina la daktari. Kwao, mtu akikupa mnyama hamwitani tena kwa majina. Wote wawili, aliyetoa na aliyepokea, mnaitana kwa jina la mnyama yule, na kwa mtamba jina ni paashe. Daktari, ambaye kwao hawakuwahi kuwa na hata mbuzi, alisimama katikati ya wodi na koti lake jeupe, akasema, “Asante, paashe.” Mimi niliandika pembeni ya daftari langu kwamba zawadi inaweza kuathiri majibu ya mgonjwa. Nilijiona makini sana.

Kiangazi kilipoanza nilipata nafasi kwenye gari la hospitali linalopeleka huduma ya mkoba, chanjo na uzito wa watoto, na Malambo ilikuwa kwenye njia yake. Tulipita kwenye geti la hifadhi pamoja na magari ya watalii, tukapanda kwenye ukungu wa ukingo wa kreta tukiwa tumejikunyata, kisha tukashuka upande wa pili kwenye joto na vumbi. Nesi wa msafara aliniuliza nitamwamkiaje mzee. Nikasema nitampa mkono. Akanitazama kama anayemtazama mtoto anayetaka kushika kaa la moto.

“Wewe kwake ni mtoto,” akasema. “Unainamisha kichwa, yeye anakugusa. Usimpe mkono kama mtalii.”

Kwa hiyo nilipofika bomani niliinamisha kichwa. Mzee aliweka kiganja chake utosini kwangu, kikavu na kizito, akakiacha hapo kidogo. Akasema, “Karibu, mwanangu.” Mkewe akaniletea maziwa kwenye kibuyu, na nilipokaa chini nikajisikia nimepokelewa kama sijawahi kupokelewa mahali popote tangu nimalize chuo.

Halafu nikatoa dodoso. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, yeye akanigusa, nimekuwa mtoto wake mbele ya mkewe na wake wa wanawe waliokaa nasi, na sasa nilitakiwa kumwuliza baba yangu juu ya korodani zake. Nilianza kwa maelezo ambayo lazima yasomwe kwa kila mgonjwa. Nikamwambia kwamba mimi sina upande, kwamba majibu yake yatasomwa na wakubwa wa daktari, kwa hiyo aseme ukweli hata kama ni mbaya. Nilisema hivyo kwa sauti ya kumtuliza. Aliyasikiliza kwa makini sana, akaniomba niyarudie, nikayarudia.

Kidonda? Kimepona. Homa? Hakuna. Nilipofika kwenye uvimbe niliyatazama magoti yangu na kulisoma swali kwa haraka, kwa Kiswahili cha vitabuni ambacho nadhani nilitumaini hatakielewa. Wakwe zake waliinuka mmoja mmoja, wakakumbuka kazi nje.

“Hakuna,” mzee akasema. “Mimi ni mzima. Mwambie paashe mtamba wake ana mimba.”

La kuhusu mkewe sikuliuliza. Niliandika kwamba halikuulizwa.

Lakini nina macho. Alikohoa kwa sababu ya vumbi, na kila alipokohoa mkono wake ulishuka ndani ya shuka na kukandamiza kinena upande ule ule. Ndama mmoja alikatika kamba akapita katikati yetu, na yule mzee ambaye wodini hakuweza kutulia alibaki kwenye kigoda chake, akapiga kelele tu. Nikamwuliza tena kama ana maumivu, safari hii kwa maneno yangu mwenyewe. Mkewe alisema kitu kwa Kimasai. Mzee alimjibu neno moja, naye akanyamaza.

Mama yule alinisindikiza hadi kwenye gari. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Tulipokuwa tumetoka kwenye uzio alisimama, akakunja ngumi, akaiweka chini ya tumbo lake mwenyewe.

“Inatoka,” akasema. “Akilala, inarudi. Siku moja haitarudi.” Kisha akaniambia kwamba baada ya mwezi kuandama mumewe atapanda milimani na ng'ombe kufuata majani, mbali na barabara, na akanishika mkono kwa nguvu, akaniachia, akarudi.

Njia nzima ya kurudi nilikaa na aibu ambayo sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nimeambiwa “hakuna” na mtu mwenyewe, na utafiti uliniruhusu kuandika hivyo na kufunga ukurasa.

Nilimkuta daktari kwenye benchi ya nje ya chumba cha upasuaji, kofia ya kitambaa bado kichwani, anakunywa chai ya baridi. Nikamweleza.

“Ulimwuliza?” akasema.

“Nilimwuliza.”

“Akajibuje?”

“Hakuna.”

“Basi hakuna.”

Nilikunja ngumi nikaiweka chini ya tumbo langu, pale palepale mama alipoiweka yake, mbele ya manesi wawili waliokuwa wakipita, na nikabaki hivyo. Daktari alitazama pembeni. Alitoa uzi mfukoni akaanza kufunga mafundo kwenye mkono wa benchi, na baada ya muda akaniambia yaliyotokea siku ile. Bingwa alikuwa naye mezani mpaka katikati, kisha akaitwa chumba cha pili kwa mama mjamzito aliyekuwa anatokwa damu. Akamwachia amalizie. Wavu ulikaa vizuri, ila pembe moja, upande wa mfupa, alihisi haijashika kama inavyotakiwa. Bingwa alikuwa nyuma ya ukuta tu, nesi angeweza kumwita.

“Kwa nini hukumwita?”

“Nilikuwa nimeshamwita juzi yake.” Alikaza fundo. “Niliona aibu.”

Nilitaka kumwuliza inakuwaje mtu anayejifunza aone aibu kuuliza, na kama kuna fundi gari hapa Karatu anayeruhusiwa hivyo. Nilikuwa na maswali mengi mazuri. Nikakumbuka magoti yangu kule Malambo na jinsi nilivyoyatazama, nikayaacha maswali yangu.

Asubuhi alisimama kwenye kikao chao, ambapo madaktari huelezana yaliyoharibika, akayasema yote. Sikuwepo; aliniambia mwenyewe. Alitegemea kupigwa maneno. Bingwa alisema tu kwamba ngiri hurudi hata kwa wagonjwa wake yeye, akamtaka aende Malambo kumchukua mgonjwa kabla hajapanda milimani. Kisha akaongeza kwamba aibu yake aiache Karatu, maana akipita nayo getini atatozwa kiingilio. Walicheka wote, naye akacheka, na aliponisimulia bado alikuwa akikwepa macho yangu.

Tulikwenda pamoja kwa gari lilelile. Mzee alimpokea kwa furaha, paashe, paashe, akampeleka moja kwa moja kumwona mtamba. Alikuwa wa rangi ya majivu, tumbo limeanza kujaa. Daktari alimgusa mgongoni kwa woga wa mtu asiyezoea ng'ombe, na mzee akacheka, akasema mkono huo unaopasua watu unaogopa mkia. Tuliingia ndani, tukanywa maziwa. Tulizungumza mvua, bei za mnadani, barabara. Nilikuwa nimeinamisha kichwa tena na kuguswa tena, kwa hiyo nilikaa nyuma.

Daktari alipoomba aone kidonda, mzee alisema kidonda kilishasahaulika. Alipoomba tena, mzee akauliza kama huko hospitali wameishiwa wagonjwa. Ndipo daktari akafanya kosa. Akidhani anafungua njia, alisema kwamba kazi yake haikuwa nzuri, na kwamba mtamba yule hakustahili kupewa. Mzee amrudishe kundini, ihesabiwe kama hakumtoa.

Hata mimi, mtoto wa Kiiraqw wa mjini, nilijua kwamba ng'ombe aliyetolewa harudi. Kumrudisha ni kusema hatujuani. Mzee alisimama ili kujibu, alisimama ghafla kwa hasira, na kabla hajatoa neno akajikunja kama aliyepigwa, mikono yote miwili ikiwa ndani ya shuka.

Daktari alimshika. Alimlaza kwenye ngozi, akamwinua makalio kwa shuka lililokunjwa, magoti juu, akapiga magoti kando yake. Niligeuza uso. Nilisikia tu sauti yake ya chini ikisema apumue, paashe, asijikaze, apumue, na pumzi ya mzee ikikatika kati ya meno. Mkewe alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika ncha ya kanga yangu, sijui kama alijua kuwa ameishika. Ilichukua muda mrefu. Kisha nikasikia mzee akishusha pumzi ndefu, na daktari akisema, “Imerudi.”

Nilipogeuka, daktari alikuwa bado amepiga magoti, kiganja chake kikiwa pale pale, kana kwamba akikiondoa kila kitu kitatoka. Akamwuliza mzee kwa nini alificha.

Mzee alitazama paa la nyumba yake. “Huyu binti alisema wakubwa wako watasoma,” akasema. “Na wewe uliniambia mtihani wako ni mimi. Ningekuangushaje, paashe?”

Ninakumbuka kwamba yale maelezo yangu niliyarudia mara mbili, kwa sababu aliniomba, na kwamba nilifurahi kwa vile anavyosikiliza kwa makini. Miezi yote ile alikuwa ameshikilia utumbo wake kwa mkono, amejiandaa kupanda nao milimani, ili kijana wa wachuma kahawa asifeli. Nami nilikuwa nimefika pale kumwambia kwamba sina upande.

Daktari alilia kidogo, bila kuficha, nadhani kwa sababu mikono yake haikuwa na nafasi ya kujifuta. Akamwambia kwamba mtihani haupo hivyo. Kwamba kitu pekee kitakachomwangusha ni mzee kufia milimani. Mzee alifikiri. Akauliza kama huyu mkubwa mkali atakuwepo. Akaambiwa atakuwepo. Akauliza kama mtamba bado ni wa daktari.

“Ni wangu,” daktari akasema. “Nilisema upumbavu.”

“Ulisema,” mzee akakubali, akamwambia mtoto wake wa kiume ng'ombe wasisubiri, aende nao yeye milimani.

Alipanda gari letu akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma, miguu juu ya makasha ya chanjo. Alikataa kupasuliwa na mtu mwingine, kwa hiyo kisu alikishika paashe wake, na bingwa alisimama ng'ambo ya meza mwanzo hadi mwisho. Baadaye daktari aliniambia kwamba kwenye pembe ile ile ya mfupa alisimama, akasema hana uhakika, na bingwa akaweka mkono wake juu ya ule wa kijana, wakaishona pamoja.

Kwenye utafiti ngiri ile iliandikwa kuwa imerudi. Bado kulikuwa na maswali ya baada ya upasuaji wa pili, na aliyepaswa kuyauliza nilikuwa mimi. Nilichelewesha. Nilihoji wodi nzima kabla yake, hata wasiohusika. Siku moja kabla ya kuruhusiwa aliniita mwenyewe kutoka kitandani, akisema ameona ninavyomzunguka kama fisi.

Nilikwenda na karatasi zangu. Nilipofika nikaanza kuinama, kama nilivyozoea sasa, na tayari nilikuwa nikiusubiri ule uzito wa kiganja.

“Leo usiinamishe kichwa,” akasema. “Ukiinama sitaweza kukujibu.”

Nilibaki nimesimama. Kisha nikampa mkono, kama mtalii. Aliushika, akautikisa mara moja kama anavyoutikisa wa mnunuzi mnadani, akauachia. Nilikaa kwenye kiti. Nilimwuliza juu ya kidonda, akajibu. Juu ya uvimbe akaniambia upo kidogo, mgumu, na daktari amesema ni damu itakauka, niandike, nikaandika. Nikafika kwenye lile la mwisho, nikaanza kuikunja karatasi.

“Soma,” akasema.

Nililisoma lote, hadi kwenye neno mke. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka kutusikiliza. Mzee alifikiri, akanijibu kwa sauti yake ya kawaida, bila kupunguza wala kuongeza: jinsi ilivyokuwa kabla, jinsi ilivyokuwa baada ya upasuaji wa kwanza, mkewe alisema nini, na kwamba hii ya sasa atajua akifika nyumbani, kwa hiyo nimfuate huko nikaulize tena. Sikuinua macho. Niliandika kila neno, uso ukiniwaka hadi shingoni, na alipomaliza aliniomba nimsomee nilichoandika, na nikamsomea.